Bei na Thamani: Haki ya Asiyejua katika Mnada wa Jaketi Kuukuu

Katika minada ya wilaya za Mbulu na Hanang, pale ng'ombe wanaponadiwa upande mmoja na nguo kutandazwa juu ya maturubai upande wa pili, kuna swali ambalo sheria haijalijibu na soko halina haraka ya kulijibu. Mtu ajuaye thamani ya kitu anapokinunua kwa mtu asiyeijua, akalipa bei ile ile aliyotajiwa, je, ametenda haki? Hakuiba. Hakutia ghishi. Hakupunja mizani. Amenyamaza tu, akalipa, akaenda zake. Uzito wote wa swali umekaa ndani ya ukimya huo.

Kitu chenyewe ni jaketi la ngozi, kuukuu, lililovaliwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Nyanda za juu za Mbulu, nchi ya Wairaqw, ni nchi ya baridi. Miezi ya Juni na Julai ukungu hulala juu ya mashamba hata jua lipande, na chini ya Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, dereva wa bodaboda atokaye alfajiri hukutana na upepo usio na huruma. Huku visiwani koti huvaliwa juu ya kanzu kwa heshima ya siku. Likivuliwa, mtu hapungukiwi na kitu ila pambo. Kule Katesh, Dongobesh na Haydom koti ni ukuta baina ya kifua na baridi. Ndiyo maana robota la majaketi, ambalo mchuuzi wa Unguja angelikwepa, hutafutwa na mchuuzi wa Hanang.

Maneno yenyewe yana habari. Mtumba, asili yake, ni mzigo uliofungwa. Nguo zikaitwa kwa jina la kifurushi chake kwa sababu hivyo ndivyo zilivyofika. Kabla jina hilo halijatawala, Watanzania wengi waliziita "kafa Ulaya", kana kwamba kila shati ni urithi wa maiti. Waghana nao wana jina lenye maana hiyo hiyo, nguo za mzungu aliyekufa. Ilikuwa vigumu kwa watu waliokuwa wakivaa nguo mpaka iishe kuamini kwamba mtu aliye hai, tena mzima, anaweza kuvua koti lisilo na tundu akalitoa nje ya nyumba yake. Kifo pekee ndicho kilichoweza kueleza ukarimu wa namna ile.

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka mingi ya uhaba, mitumba imeenea nchi nzima. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua biashara ya nguo, viatu na bidhaa za ngozi zilizokwisha kutumika, ili viwanda vya nyumbani vipate pumzi. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia neno lake ikaondolewa mwaka 2018 nafuu ya ushuru kwa nguo zake katika soko la Marekani. Hilo ni swali la dola kwa dola. Swali la hapa ni dogo zaidi, na kwa udogo wake ni gumu zaidi, kwa maana linamhusu mtu mmoja aliyeinama mbele ya turubai na mtu mwingine aliyeketi nyuma yake.

Yafaa kwanza kumtazama aliyeketi. Robota la kilo 45 hivi hununuliwa likiwa limefungwa kwa mikanda. Mchuuzi huambiwa aina yake tu: majaketi, mashati, nguo za watoto. Kilichomo hakioni mpaka amekwisha kulipa. Likifunguka na nguo njema, amepona. Likifunguka na zipu zilizong'oka na bitana zilizooza, hakuna wa kumrudishia fedha zake. Kwa hiyo bei anayoitaja mnadani si bei ya nguo moja. Ni hesabu ya robota zima, ambamo jaketi jema hulipa deni la majaketi matano mabovu. Mwenye kumnunulia lile jema pekee, kwa bei ya kati na kati, amemwachia mabovu na deni lake.

Na aliyeinama je? Huyu ni mwindaji. Katika bonde la Yaeda, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, Wahadzabe huwinda mnyama kwa upinde. Yeye huwinda ngozi ya mnyama aliyekufa miaka sitini iliyopita, na silaha yake ni simu. Amejifunza kwenye intaneti yale ambayo hayafundishwi chuoni. Anajua kwamba mwaka 1928 nyumba ya Schott ya New York ilishona jaketi la waendesha pikipiki lenye zipu ya mshazari, likaitwa Perfecto. Anajua kwamba jeshi la anga la Marekani lilichagua mwaka 1931 jaketi la marubani lililoitwa A-2, na kwamba mengi ya majaketi hayo yalikatwa katika ngozi ya farasi. Anajua kwamba Marlon Brando alipovaa Perfecto katika filamu ya mwaka 1953, vijana wa mabara mawili walitaka kufanana naye. Akishika zipu, huitazama chapa yake. Akifunua kola, huisoma lebo. Akipapasa mgongo, huitambua ngozi ya farasi, ya ng'ombe, ya mbuzi, kwa uzito na vinyweleo vyake.

Kisha hupiga picha, huziweka mtandaoni, na mtu wa Nairobi, au wa Berlin, au wa Osaka hushindana na wenziwe kulinunua. Jaketi lililotoka Katesh kwa shilingi 20,000, na iwe hiyo kwa mfano, huweza kuuzwa kwa mamia ya dola. Jambo la kustaajabisha zaidi ni hili: yale yaliyolishusha bei mnadani ndiyo yaliyoipandisha mtandaoni. Kwa dereva wa bodaboda, kiwiko kilichofifia rangi ni kasoro, na mikunjo ya mgongoni ni uzee. Kwa mtafutaji wa mbali, kufifia huko ndiko anakokununua. Anataka kitu kilichoishi; kwa vile yeye mwenyewe hakupata kupanda pikipiki katika mvua ya mwaka 1955, ananunua mvua ya mtu mwingine.

Hivyo jaketi moja lina bei mbili: bei ya baridi na bei ya kumbukumbu. Muuzaji wa Hanang anaijua ya kwanza kuliko mtu yeyote duniani. Hakuna mtaalamu wa Ulaya awezaye kumfundisha jaketi linafaa kiasi gani saa kumi na moja ya alfajiri katika barabara ya Katesh. Ya pili haijui, na hana sababu ya kuijua, kwa kuwa imetungwa na watu wasiopata kumwona. Kusema kwamba yeye ni mjinga ni kosa la awali ambalo hoja nyingi huanza nalo. Si mjinga, amewekwa mbali na mahali bei inapotungwa.

Kiswahili kimeliona jambo hili zamani, katika namna kilivyoyapokea maneno ya Kiarabu. Kwa Waarabu, bay' ni tendo zima la kuuza. Mswahili akalichukua, akaliita bei, na maana yake ikabaki kiasi kinachotajwa. Thaman kwa Waarabu ndiyo kiasi walichokubaliana muuzaji na mnunuzi. Mswahili akalichukua hilo nalo, akaliita thamani, akalipandisha daraja, likawa ubora wa kitu hata kama hakuna anayekinunua. Ndiyo maana mtu huambiwa ana thamani na hasemwi kuwa ana bei, ila kwa matusi. Mafakihi nao walitenganisha kiasi kilichokubaliwa baina ya watu wawili na qima, yaani kima ambacho kitu kinastahili katika soko la watu wote. Basi ukimya wa mwindaji umesimama katika mwanya uliopo baina ya bei na thamani. Kila mfanyabiashara anaishi katika mwanya huo. Swali ni upana gani unaovumilika, na nani aliyeupanua.

Hoja za kumtetea mwindaji zina nguvu, na haifai kuzipita kwa haraka. Maarifa yake ni kazi. Amekesha akisoma, amelipa nauli kutoka Arusha hadi Babati, na kutoka Babati hadi Katesh, amefunua marobota mia pasipo kupata kitu. Jaketi akilipata hulisafisha, hulipaka mafuta, hushona bitana upya, hubeba hasara ya lile lisilonunuliwa. Isitoshe, pale turubaini thamani ile kubwa haikuwapo. Ilizaliwa alipolitambua na kulifikisha kwa amtakaye. Asingelikuja, jaketi lingekwenda kwa bei ile ile, likavaliwa hadi likatatuka. Muuzaji ametaja bei kwa kinywa chake, amelipwa, ameridhika. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyu hakumponya mtu?

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Kama kila mwenye ujuzi analazimika kuutangaza kabla ya kununua, hakuna atakayehangaika kuutafuta. Mkulima ajuaye kutabiri mvua, nahodha ajuaye upepo, mtu wa madini ajuaye jiwe, wote wangekuwa wakifanya kazi kwa ajili ya wasioifanya. Methali yasema cha mlevi huliwa na mgema. Si jambo jema, lakini ndivyo dunia inavyokwenda, na hakuna aliyemshtaki mgema kwa hakimu.

Hata hivyo watu wa kale hawakuridhika na jibu hilo. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alileta mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa. Anajua kwamba merikebu nyingine nyingi zi njiani zimejaa nafaka. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ianguke, au anyamaze, auze ghali? Diogenes wa Babeli alishika kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba muuzaji analazimika kutaja kasoro za bidhaa yake tu, kwa kadiri sheria inavyotaka. Antipater, mwanafunzi wake, alishika kwamba mnunuzi asifichwe lolote ambalo muuzaji analijua, kwa kuwa watu wote ni jamaa moja. Cicero akaelemea upande wa mwanafunzi.

Katika mfano huo ajuaye ndiye muuzaji. Mfano wa mnunuzi ajuaye umo katika kitabu hicho hicho. Quintus Scaevola alitaka kununua shamba, akamwomba mwenyewe ataje bei mara moja bila kuvutana. Alipotajiwa, Scaevola akasema kwamba kwa makadirio yake shamba linastahili zaidi, akaongeza sesterti 100,000. Cicero anaeleza kwamba hakuna aliyekataa kuwa hilo lilikuwa tendo la mtu mwema. Walichokataa ni kwamba lilikuwa tendo la mtu mwerevu. Hapo ndipo Cicero alipoona ugonjwa wenyewe: watu wamezoea kuutenga wema na werevu, kana kwamba mtu hana budi kuchagua kimoja.

Wasomaji wa Pwani wana mfano wao ulio karibu zaidi. Jarir bin Abdullah, sahaba wa Mtume, alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe kwamba anastahili zaidi, akaipandisha bei hatua kwa hatua mpaka akalipa 800. Rumi na Arabuni hazikushauriana, lakini zimehifadhi kisa kimoja, na zote mbili zimekihifadhi kwa sababu kilikuwa nadra. Kisa cha mtu aliyenunua rahisi akafurahi hakikuhitaji msimulizi.

Na si visa tu. Lipo katazo mashuhuri la kuwatokea wasafiri wa misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni. Sababu yake ni bayana: mwenye bidhaa yu jangwani, hajaijua bei ya mjini, na aliyemtokea anaijua. Bei imekubaliwa, hakuna uongo uliosemwa, na bado jambo lenyewe limekatazwa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao huu, humpa muuzaji huyo hiari ya kuvunja mauzo akifika sokoni akaona amepunjwa. Mwindaji wa majaketi hana tofauti na mtu huyo wa njiani. Soko la leo limo ndani ya simu yake. Turubai la Katesh liko jangwani. Naye ameutokea msafara kabla haujafika. Tofauti iliyopo inazidisha uzito, kwa kuwa msafara wa zamani ungefika mjini jioni ile, na mchuuzi wa Hanang huenda asifike kamwe katika soko ambalo jaketi lake linashindaniwa.

Pamoja na hayo, jibu la moja kwa moja kwamba mwindaji aseme yote kabla ya kununua linagongana na mtu wa tatu, ambaye Cicero hakumweka katika mfano wake. Mtu huyo ni dereva wa bodaboda. Wachuuzi wa Mbulu na Hanang wakijua kwamba huenda kila jaketi la ngozi likawa hazina, bei itapanda kwa majaketi yote, ya thamani na yasiyo nayo, kwa maana asiyejua kutofautisha hupandisha yote. Atakayeshindwa kulipa si mtu wa Berlin. Ni yule anayelihitaji kwa kifua chake. Bei ya kumbukumbu itakuwa imeimeza bei ya baridi, na ngozi ngumu iliyoshonwa ili mtu asigandishwe na upepo itaning'inizwa ukutani katika nyumba yenye joto. Haki ikitafutwa baina ya wawili tu, huweza kumdhulumu wa tatu aliyesimama nje ya mazungumzo.

Kwa hiyo ukimya hauna hukumu moja, na yabidi upimwe kwa daraja. Daraja la kwanza ni la mtu aliyeuliza bei, akatajiwa, akalipa. Huyu ametumia mwanya, lakini hakuuchimba. La pili ni la mtu aliyeulizwa. Mama mwenye turubai, akimwona kijana ameshikilia jaketi lililochanika mfuko na kuliacha jipya, humwuliza, "Mwanangu, mbona wataka hili bovu?" Swali hilo ni mlango uliofunguliwa kwa hiari. Ajibuye "Nalipenda tu, mama" amesema neno la kweli lenye kazi ya uongo. Daraja la tatu ndilo la kawaida kuliko yote, tena watu hawalihesabu kuwa kosa: kulibeza jaketi ili bei ishuke. Limechakaa, mama. Rangi imekwenda. Hili la kudekia. Kitabu cha Mithali, ambacho Wakristo wa Mbulu wanakijua, kilimwona mnunuzi huyu tangu zama hizo, aibezaye bidhaa akiwa mbele ya mwenyewe na kujisifu akiisha kuondoka. Hapa hakuna ukimya tena. Aijuaye thamani na kuikana ameshuhudia uongo, na faida yake yote imesimama juu ya ushahidi huo.

Yako mambo mengine yanayolifanya swali hili liwe zito Hanang kuliko kwingine. Ngozi si kitu kigeni katika nchi ile. Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, walilainisha ngozi za ng'ombe kwa mikono na mafuta, wakashona vazi la mke aliyeolewa, hanang'weanda, lenye mapindo na pindo za nyuzi za ngozi, nalo ni vazi la heshima na la dua za uzazi. Wairaqw nao walishona sketi za ngozi na kuzitia ushanga kwa subira ya miezi. Kisha ukaja wakati ambao watu wa ngozi waliambiwa kwamba mavazi yao ni fedheha kwa taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mkoa wa Arusha wa wakati ule, uliozikusanya pia ardhi za Mbulu na Hanang za leo, serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai mavazi yao ya jadi na kuwavika suruali na magauni. Aliyevaa ngozi alihesabiwa kuwa nyuma.

Baadaye ngozi ilirudi kutoka Ulaya ndani ya robota, ikiwa na zipu, na hakuna aliyeiita fedheha. Huku ngozi mbichi za ng'ombe wa wafugaji, zenye makovu ya miiba na alama za moto ambazo mfugaji huwatia ng'ombe ili asiibiwe, zinashushwa bei kwa ajili ya alama hizo hizo, na nyingi haziwi viatu wala makoti hapa nchini. Kovu la ng'ombe wa Hanang ni kasoro. Mkunjo wa jaketi la New York ni thamani. Anayesema kwamba muuzaji wa Katesh hajui ngozi ataje kwanza ni nani aliyemwambia kwamba ujuzi wa mama yake wa ngozi hauna maana.

Na hapa mwindaji hukabiliwa na mtihani mkubwa kuliko ule wa jaketi. Zile sketi za kale za ushanga zimo leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watafutaji wa mbali huzishindania kama wanavyoyashindania majaketi. Simu ni ile ile, jicho ni lile lile, ukimya ni ule ule. Lakini jaketi lilipofika turubaini halikuwa na kumbukumbu ya mtu yeyote wa pale; mchuuzi alilipata ndani ya mzigo kama alivyoyapata mengine. Sketi iliyotolewa sandukuni ina mikono ya bibi ndani yake. Anayeinunua kwa bei ya ngozi kuukuu, kutoka kwa mjukuu anayetafuta karo au dawa, hakununua kitu kisichojulikana thamani. Amenunua kitu ambacho thamani yake ilijulikana nyumbani na ikafichwa na shida. Ukimya wa kwanza humpunguzia mtu faida. Wa pili humpunguzia mtu nasaba.

Shida ndiyo mpaka ambao hata mtetezi hodari wa mwindaji hapaswi kuuvuka. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuziacha kaya nyingi bila nyumba. Katika siku kama hizo nguo huchangwa kutoka kila upande, na mtu aliyepoteza kila kitu huweza kupewa koti asilolijua na kuliuza kesho yake ili apate sufuria. Ridhaa ya mtu huyo si ridhaa. Mafakihi walikwisha kusema juu ya mauzo ya aliyeshikwa na dhiki, kwamba uungwana unataka asaidiwe na asivizwe. Anayenunua kwake kwa ukimya amegeuza sadaka ya watu wengi kuwa mtaji wa mtu mmoja.

Je, kifanyike nini mnadani katika siku ya kawaida, ambapo hakuna maafa wala urithi, bali jaketi, baridi na simu? Si haki kumtaka kila mwindaji awe Jarir. Sheria ikimlazimisha mtu kuwa sahaba itavunjwa kabla ya adhuhuri. Lakini iko njia baina ya Jarir na mgema. Asibeze akijuacho kuwa kizuri. Akiulizwa, ajibu. Bei aliyotajiwa asiivute chini, kwa kuwa kuvutana ni mchezo wa watu wanaoona karata sawasawa. Akisha kuuza kwa faida kubwa, arudi mnada ujao na sehemu ya faida hiyo, akafungue simu mbele ya yule mama, amwonyeshe chapa ya zipu na lebo ya kola, amfundishe lipi la kutengwa na lipi la kuuziwa dereva kwa bei ya baridi. Akijua kutenga, hatapandisha yote, na mtu wa tatu hatadhulumika. Elimu ni bidhaa ya ajabu: mwenye kuitoa hubaki nayo.

Ni kweli kwamba atapata faida ndogo mara ya pili. Methali imekwisha kumwonya: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Lakini methali hiyo imesemwa kwa sauti ya aliyepunjwa, wala haikumwonea mwerevu huruma. Biashara ambayo yaweza kuendelea kwa sharti tu kwamba upande mmoja ubaki gizani ina faida, ila haina msingi.

Kipimo chake hakihitaji kadhi. Mnunuzi ajiulize kama ataweza kupita tena mbele ya turubai lile lile, siku ambayo muuzaji amekwisha kujua kila kitu, na akasalimiwa. Akiona kwamba ataweza, bei aliyolipa, hata kama ilikuwa ndogo, iko karibu na thamani. Akiona kwamba siku hiyo atazungukia upande wa ng'ombe ili asionekane, basi deni analijua, na kiasi chake anakijua kuliko mtu mwingine yeyote.